SOMO LA MWEZI: Siku ya Kutembea na Kula Pamoja na Jamaa Zetu

Someni kwanza: Kumbukumbu la Torati 14:22-27



Siku ya soko, ukichungulia ndani ya hoteli zetu za mjini, utaona nani ameketi? Wengi ni wanaume. Mzee ameuza mbuzi, sasa ameagiza nusu kilo ya nyama na chai ya maziwa. Mama watoto yuko nyumbani anapuliza moto. Wako akina mama waliopika kila siku kwa miaka ishirini, na hawajawahi hata mara moja kuketi mahali wakaletewa sahani na mtu mwingine. Wako watoto wanaosoma darasani habari za maporomoko ya maji yaliyo safari ya saa moja tu kutoka kwao, lakini hawajayaona kwa macho.

Wengine watasema, "Kutembea ni anasa. Sisi ni watu wa shamba." Haya basi, tutazame Maandiko. Waisraeli nao walikuwa wakulima na wafugaji. Waliagizwa watenge sehemu ya kumi ya mavuno yao. Aliyekaa mbali aliruhusiwa kuiuza, akafunga fedha mkononi, akasafiri mpaka mahali pa ibada. Huko alinunua chakula alichotamani, akala na kufurahi mbele za Mungu pamoja na watu wa nyumba yake. Tena Mlawi, ambaye hakuwa na shamba, asisahauliwe.

Tunaona mambo manne: walitenga mapema, walisafiri, walikula na jamaa, walimkumbuka asiye na kitu. Tuyafuate moja moja.

1. Tengeni pesa mapema

Pesa za safari zisitoke katika mfuko wa mikopo. Kikundi kikichota huko, yule aliyengoja zamu yake anunue mbolea ataumia, na hapo ndipo maneno huanza na kikundi huvunjika. Fungueni daftari la safari peke yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfano: wanachama 15, kila mmoja Sh. 50 kwa wiki, kwa wiki 40, ni Sh. 30,000. Watasafiri watu 30, yaani kila mwanachama na mmoja wa nyumbani kwake.

- Kukodi gari: Sh. 15,000
- Chakula, watu 30 kwa Sh. 300: Sh. 9,000
- Kiingilio: Sh. 3,000
- Akiba ya dharura: Sh. 3,000
- Jumla: Sh. 30,000

Hesabu hii ni ya kuonyesha njia tu. Ulizeni bei za kwenu kabla ya kuanza kuchanga. Mweka hazina asome daftari mbele ya wote kila mwezi, na baada ya safari alete risiti.

2. Chagueni mahali pa karibu

Uzuri hauko Mombasa peke yake. Vikundi vya Nyandarua, Laikipia na Nakuru vinaweza kwenda Nyahururu kuona maporomoko ya Thomson. Maji ya mto Ewaso Narok huanguka hapo kiasi cha mita 74. Jina hilo lilitokana na Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland aliyefika mwaka wa 1883.

Waelezeni watoto maji hayo yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Yanatoka milima ya Nyandarua, yanaingia Ewaso Ng'iro, na kuelekea kaskazini upande wa kinamasi cha Lorian. Tukikata msitu huku juu, mfugaji wa kule chini atakosa maji ya ng'ombe wake.

Nyahururu kuna baridi, kwa hiyo bebeni sweta. Njia ya kushuka chini ya maporomoko ni ya mteremko mkali, na huteleza mvua ikinyesha. Wazee watazame kutoka juu, na watoto washikwe mkono.

Dereva awe na leseni ya kubeba abiria, na gari liwe na bima. Kila mtu awe na kiti na afunge mkanda. Ondokeni asubuhi mapema, mrudi kabla ya giza.

3. Kuleni pamoja

Watu wawili watangulie siku chache mbele kutafuta hoteli. Watazame: jikoni ni safi? Kuna maji na sabuni ya kunawa? Bei imeandikwa? Wakubaliane na mwenye hoteli idadi ya watu, chakula na bei, ili msije mkangoja saa tatu na watoto wenye njaa.

Siku hiyo akina mama wasipakue wala kuosha vyombo. Baba na aketi na mke na watoto wake, meza moja, waongee. Mambo mengi ya nyumbani husemwa vizuri watu wakiwa wameshiba na hawana haraka.

4. Msimwache mtu nyuma

Mjane, mzee asiye na mtoto, mwanachama ambaye mazao yake yalikauka: hao ndio Walawi wetu. Amueni mapema nani atasaidiwa, na jambo hilo lisitangazwe mbele ya watu.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, ni nani hajawahi kuandikiwa meza hotelini? Kwa nini?
2. Ni mahali gani pazuri karibu nasi ambapo watoto wetu hawajapaona?
3. Tunaweza kuchanga kiasi gani kwa wiki bila kugusa mikopo?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama amuulize mwenzi wake au watoto wake wangependa kwenda wapi, alete jibu kwa katibu.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, na pumziko lenu pia.