Nguvu Iliyofichwa Katika Takataka za Nyumbani

Katika masoko ya Eldoret mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro. Mwuzaji hulijaza mpaka nafaka ikafanya kichuguu, mnunuzi hulitazama kwa jicho kali asije akapunjwa, na ni wachache kati yao wakumbukao kwamba kipimo hicho kilianza maisha yake kikiwa kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2. Mafuta yalikwisha zamani, na kopo liko kazini bado. Kadhalika debe lilifika nchi hizi likiwa limejaa mafuta ya taa. Likageuka kuwa ndoo ya maji na kipimo cha nafaka, na lilipotoboka likakatwa likawa koroboi au paa la banda la kuku. Viatu vya akala navyo vilikuwa magurudumu ya motokaa.

Basi kazi ile ambayo siku hizi huitwa kurejeleza taka si ngeni kwa watu wa Kenya. Kilicho kigeni kwa wengi ni hesabu yake. Watu hudhani kwamba faida ya kuokota kopo ni kuweka ua safi, au kupata senti chache kwa mwenye mkokoteni. Faida hizo ni za kweli, lakini iko nyingine iliyo kubwa zaidi isiyoonekana kwa macho, nayo ni nguvu ya moto na ya umeme iliyokwisha kutumika kukifanyiza kitu hicho. Kitupwapo jaani, nguvu hiyo hutupwa pamoja nacho.

Sufuria nyepesi ya alumini ndiyo mwalimu bora wa somo hili. Alumini haichimbwi ardhini ikiwa tayari. Huchimbwa udongo mwekundu uitwao boksiti, na hutakikana tani 4 hivi za udongo huo ili kupata tani 1 ya alumini. Udongo hupikwa katika dawa kali, kisha huchomwa ukawa unga mweupe, na unga huo hutiwa katika matangi ya moto mkali na kupitishwa umeme mwingi mpaka madini yajitenge. Katika hatua hiyo ya mwisho peke yake, kilo 1 ya alumini hula yuniti 13 hadi 15 za umeme, yuniti zile zile ambazo mwenye nyumba huzinunua kwa tokeni. Taa ya wati 10 ikiwashwa saa 5 kila usiku, yuniti 14 zingetosha kuiwasha kwa usiku 280, yaani zaidi ya miezi 9.

Sasa kitazamwe kipande cha sufuria iliyotoboka. Hicho kimekwisha kuwa alumini. Kikitiwa motoni huyeyuka kwa joto la nyuzi 660, na kazi yote ya kukifanya sufuria mpya hutaka kiasi cha sehemu 5 tu katika 100 za nguvu iliyotumika mara ya kwanza. Tofauti hii kubwa yatoka wapi? Yatoka katika kule kuyatenga madini na hewa ya oksijeni iliyoshikamana nayo udongoni. Mkulima wa Uasin Gishu ataelewa upesi: kazi nzito ni kulima, kupalilia, kuvuna na kupukuchua, kuyatoa mahindi katika gunia hili na kuyatia katika lile ni kazi ndogo. Kuyeyusha alumini kuukuu ni kama kubadilisha gunia.

Mafundi wa jua kali wameijua siri hii kwa mikono kabla ya kuisoma katika kitabu. Huyeyusha vipande vya alumini katika tanuru dogo, wakamimina katika kalibu ya mchanga, ikatoka sufuria nzito yenye mikono miwili. Lakini hapa yafaa kutoa onyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, uliopima vyombo vya namna hii kutoka nchi 10 zikiwamo Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba baadhi yake hutoa risasi ndani ya chakula, na risasi huharibu akili za watoto. Sababu ni kuchanganya: vipande vya injini na vyuma vyenye rangi huingia tanuru moja na sufuria kuukuu. Kwa hiyo fundi mwangalifu huchagua vipande vyake, na vile asivyojua asili yake huvifanya vitu vingine visivyoingia jikoni.

Chuma nacho kina hesabu yake. Kukitoa katika mawe hutaka makaa ya mawe na tanuru lenye joto la nyuzi zaidi ya 1,500; kukiyeyusha chuma kikuukuu huokoa zaidi ya nusu ya nguvu hiyo. Wala si lazima kila kipande kirudi tanuruni. Mapipa na mabati kuukuu hukatwa, hukunjwa na kugongwa nyundo yakawa majiko. Lile jiko la makaa lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya kwanza ya 1980, huokoa nguvu mara mbili: mara ya kwanza kwa kuwa ganda lake ni bati lililokwisha kutumika, na mara ya pili kila siku liwashwapo, kwa maana hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Pale Eldoret, ambapo baridi ya jioni huwafanya watu wasogee motoni, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo biashara ya vyuma vikuukuu ina upande wake mchafu, na haifai kuuficha. Mwezi wa Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi karibu yote kukaa gizani, serikali iliipiga marufuku biashara hiyo, ikiwashutumu wezi wanaofungua vyuma vya minara na kukata nyaya. Marufuku hayo yaliondolewa mwezi wa Mei mwaka ule ule, na wafanyaji biashara wakatakiwa wawe na leseni kama isemavyo sheria ya mwaka 2015. Ni hasara ya ajabu kuiba waya wa shaba ili kuuyeyusha! Waya ule ulikuwa kazini, ukipeleka umeme hospitalini na mashineni. Mnunuzi asiyeuliza kitu kimetoka wapi haokoi nguvu yo yote, huitapanya.

Juu ya chupa, watu wa Kenya walikuwa na desturi njema kuliko kuyeyusha. Kwa miaka mingi mtu alipokwenda dukani kununua soda alibeba chupa tupu, au aliweka rehani ya fedha mpaka airudishe. Chupa ilirudi kiwandani kwa kreti, ikaoshwa, ikajazwa tena, mara nyingi mpaka shingo yake ilipochubuka ikawa nyeupe. Kuiosha hutaka maji ya moto na sabuni. Kuiyeyusha hutaka tanuru la nyuzi 1,400 au zaidi. Yaonekana wazi ipi ni nafuu. Chupa iliyovunjika, hata hivyo, hufaa bado, maana vigae vya kioo huyeyuka upesi kuliko mchanga mpya: katika tanuru, kila sehemu 10 katika 100 zikiwa vigae, moto utakiwao hupungua kwa sehemu 2 hadi 3 katika 100. Faida hiyo ni ndogo kuliko ya alumini, na viwanda vya chupa viko Nairobi na Mombasa. Kutoka Eldoret mpaka Nairobi ni kilomita zaidi ya 300. Lori lililobeba vigae vichache hutumia dizeli nyingi zaidi kwa kila kilo ya mzigo kuliko lililojaa, kwa hiyo vioo vinapasa kungojea mpaka viwe shehena kamili.

Karatasi hukumbusha kiwanda cha Webuye, ambacho msafiri aendaye Malaba alikitambua kwa harufu kabla hajakiona. Kilianza kazi katika miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 2009, kisha kikauzwa mwaka 2016. Karatasi kuukuu hulowekwa ikawa uji, na kutoka uji huo hufanyizwa makatoni, trei za mayai na karatasi za msalani. Kazi hiyo hutumia nguvu na maji kidogo kuliko kuponda na kupika magogo, nayo miti hubaki imesimama. Ila nyuzi za karatasi hufupika kila zipikwapo, kwa hiyo daftari haliwezi kufanywa daftari milele. Plastiki nayo ni ya namna nyingi, na namna mbili zikiyeyushwa pamoja hutoa kitu dhaifu kisichofaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Madumu na chupa za maji zimebaki, nazo hununuliwa zikiwa safi na zimechambuliwa.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Chukua mfano wa nyumba mbili za jirani katika mtaa wa Langas. Zote mbili hula ugali na sukuma wiki, zote mbili hutoa kiasi kile kile cha taka. Katika nyumba ya kwanza maganda ya ndizi, majivu, magazeti, makopo na maji ya mchele huingia mfuko mmoja. Baada ya siku 3 gazeti limelowa na kunuka, katoni limeoza, na kopo limejaa uvundo. Mwenye mkokoteni hulikataa gazeti. Mwokota taka, ambaye mara nyingi ni mama mwenye watoto wa kulisha, hulazimika kuchakura kwa mikono mitupu katikati ya vigae na nyembe ili apate kopo moja. Katika nyumba ya pili kuna ndoo mbili tu: moja ya vitu vinavyooza, na nyingine ya vitu vikavu. Nyumba hiyo haikutumia fedha wala umeme, wala haikujifunza ufundi wo wote. Hata hivyo vitu vyake vikavu karibu vyote vyaweza kurudi kazini.

Ndoo ya vitu vinavyooza isidharauliwe. Katika miji ya Kenya zaidi ya nusu ya taka ni za namna hiyo. Zikirundikwa jaani bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo huwaka na huongeza joto la dunia. Zikifukiwa shimoni na kugeuzwa mara kwa mara huwa mbolea. Wakulima wanaoizunguka Eldoret hawajasahau mwaka 2022, gunia la DAP la kilo 50 lilipopita shilingi 6,000. Mbolea ya chumvichumvi hufanyizwa kwa gesi na moto mwingi katika nchi za mbali, na bei yake hupanda gesi ipandapo. Maganda ya jikoni hayatalisha shamba zima la mahindi, lakini bustani ya mboga nyuma ya nyumba yatailisha vizuri.

Sheria nayo imekwisha kuandikwa. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka vitu vinavyooza vitenganishwe na visivyooza pale pale vinapotoka, na yaagiza serikali za kaunti ziweke vituo vya kuchambulia. Eldoret, iliyopewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, inapasa kuwa na malori yatakayochukua ndoo hizo mbili bila kuzichanganya tena njiani. Kwa maana mwenye nyumba akiona kazi yake ya wiki nzima imemwagwa katika lori moja, wiki ya pili hatatenganisha tena, wala hakuna atakayemlaumu.

Betri, dawa zilizoharibika na taa zenye zebaki zisitiwe katika ndoo yo yote ya hizo mbili. Plastiki isichomwe uani, maana moshi wake ni sumu. Vigae vya kioo vifungwe katika gazeti kuukuu kwa ajili ya mikono ya yule atakayevipokea. Makopo yasuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, kisha yakanyagwe yawe bapa, kwa sababu mkokoteni wa makopo mazima umebeba hewa zaidi kuliko bati, na mwenye mkokoteni hulipwa kwa kilo.