Somo: Viambishi -li- na -ka- katika Wasifu

Katika somo hili tutachunguza jinsi -li- na -ka- zinavyopanga matukio ya maisha ya mtu. Tusome kwanza kifungu kifuatacho.

Asser alikuwa mtawa wa Mtakatifu David, magharibi mwa Wales. Mnamo mwaka 885 hivi, Alfred, mfalme wa Wessex, alimwita amsaidie katika elimu. Kwa maelezo yake mwenyewe, Asser alisafiri hadi Sussex, akakutana na mfalme, akaahidi kurudi baada ya miezi sita. Njiani akashikwa na homa, akaugua zaidi ya mwaka mmoja, asirudi kwa wakati. Mfalme akamwandikia kuuliza sababu ya kuchelewa. Alipopona, alikubali kumtumikia, akigawa muda wake kati ya Wessex na Wales. Mwaka 887 Alfred alianza kusoma na kufasiri Kilatini kwa msaada wake. Mwaka 893 Asser aliandika, kwa Kilatini, maisha ya mfalme huyo. Alipewa pia uaskofu wa Sherborne, akafariki karibu mwaka 909.

Ufafanuzi

1. Kiambishi -li- huweka tukio katika wakati uliopita. -Ka- huliendeleza kwa tukio linalofuata. Tunapotaja mwaka mpya, masimulizi huanza upya kwa -li-: alianza, aliandika.

2. Mfuatano wa -ka- huweza kudokeza sababu. Tulinganishe:
(a) Aliahidi kurudi, akaugua, akakaa kimya.
(b) Aliahidi kurudi, akakaa kimya, akaugua.
Vitenzi ni vile vile. Hata hivyo, katika (a) ugonjwa unaeleza kimya chake. Katika (b) Asser anaonekana amepuuza ahadi. Mwanafunzi akikosea mpangilio, amemsingizia mtu.

3. Tukitaka kutaja tukio la nyuma baada ya lile la mbele, tunatumia -li- pamoja na -me-: Alikaa kimya kwa sababu alikuwa ameugua.

4. Katika masimulizi haya hatukanushi kwa -ka-. Tunasema asirudi au hakurudi.

Kwa mwalimu: Usisahihishe -ka- kwa kutazama umbo pekee. Mwulize mwanafunzi kwanza: lipi lilitangulia?

Zoezi

1. Eleza kwa nini tumeandika "alipopona, alikubali" badala ya "akapona, akakubali".
2. Andika upya sentensi (b) bila kubadili mpangilio wa vitenzi, ili Asser asilaumiwe.
3. Andika wasifu wa aya moja wa mwalimu unayemfahamu, kisha utetee kila -ka- uliyoitumia.