Somo la Ufugaji: Chakula na Makazi ya Simbilisi Wakati wa Kiangazi

Katika kaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini, hususan mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, simbilisi aghalabu huwa mali ya kina mama na watoto. Mnyama huyu hahitaji malisho mapana wala mtaji mkubwa, nyama yake ni kitoweo chema, na mtoto anayemtunza hujifunza wajibu mapema. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako amefugwa kwa maelfu ya miaka.

Hata hivyo, kiangazi kinapokolea, wafugaji wengi hupata hasara inayofanana. Simbilisi aliyekuwa mchangamfu huanza kujikunyata pembeni, manyoya hunyauka, viungo vya miguu huvimba, naye husita kutembea na kula. Baada ya siku chache hufa, na mwenzake humfuata. Wapo wanaodhani ni tauni, na wapo wanaodhani ni jicho la mtu. Mara nyingi sababu ni njaa ya kitu kimoja tu: majani mabichi.

Kwa nini majani mabichi?

Kuku, mbuzi, ng'ombe na hata sungura hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Simbilisi hawezi, kama vile binadamu asivyoweza. Hana budi kuipata katika chakula kila siku, wala mwili wake hauwezi kuihifadhi kwa muda mrefu. Akinyimwa, dalili zilizotajwa huweza kujitokeza katika wiki mbili hivi. Pumba za mahindi humshibisha lakini hazina vitamini hiyo, nayo nyasi iliyokaushwa huwa imeipoteza kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo simbilisi anaweza kufa tumbo likiwa limejaa.

Kiasi na aina ya chakula

Simbilisi mmoja hula majani mabichi yenye uzito wa takriban theluthi moja ya uzito wake kwa siku. Mwenye gramu 600 huhitaji gramu 200 hivi, zigawanywe asubuhi na jioni. Msingi wa mlo uwe nyasi, mathalani matete machanga, kwa kuwa meno yake hayaachi kukua na hupunguzwa kwa kutafuna. Juu ya nyasi ziongezwe mboga: matembele, kishona nguo, sukuma wiki au majani ya nje ya kabichi yanayotupwa sokoni. Kabichi isitolewe peke yake kwa wingi, kwani hujaza tumbo gesi. Pumba ziwe nyongeza tu.

Wenye vinyungu wana nafasi njema zaidi. Tuta moja la matembele lililotengwa bondeni, likikatwa kwa zamu, huwapatia wanyama wachache kijani chao hadi mvua zirudi. Samadi ya simbilisi nayo hurudi kurutubisha tuta hilohilo.

Majani yaliyokatwa yasirundikwe, kwani lundo hupata joto na kuchacha. Yatandazwe kivulini, na yenye ukungu yatupwe. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo ni sumu, na hayafai kabisa. Maji safi yawepo daima katika kibakuli kizito cha udongo, hasa kiangazi ambapo majani yenyewe huwa na maji machache.

Makazi

Desturi ya kuwaacha simbilisi wazurure jikoni ina sababu yake: moto huwakinga na baridi kali ya Juni na Julai. Lakini jikoni kuna moshi, makaa, miguu ya watu na chakula cha familia, na kinyesi cha wanyama hawa chaweza kubeba vimelea vya kuharisha. Ni heri kuwa na banda dogo lililojitenga, lisilovuja wala kupitisha upepo mkali, lakini lenye hewa ya kutosha.

Boksi la mbao au la matofali lenye urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1 na kuta za sentimita 45 hutosha majike saba na dume mmoja. Simbilisi hakwei, hivyo ukuta huo humzuia asitoke. Haumzuii paka, panya wala kicheche asiingie, na kwa hiyo juu pawekwe mfuniko wa wavu. Chini yatandikwe maranda au nyasi kavu, na matandiko yabadilishwe kila yanapolowa. Pawepo pia maficho, kama vile kisanduku kilichopinduliwa chenye tundu, kwa sababu mnyama huyu huishi kwa woga. Wala asifugwe peke yake, maana huishi kwa kundi. Sungura wasichanganywe naye, kwani humjeruhi na huweza kumwambukiza magonjwa ya mapafu.

Uzazi

Mimba huchukua siku 68 hivi, na watoto huzaliwa na manyoya, macho wazi. Waachishwe ziwa wakiwa na wiki tatu, na madume yatengwe wakati huohuo, kwa sababu jike mchanga huweza kushika mimba akiwa na umri wa mwezi mmoja tu. Dume abadilishwe na wa mfugaji mwingine mara kwa mara. Kundi linalozaana ndugu kwa ndugu hudhoofika.

Tahadhari kuhusu dawa

Simbilisi akiugua, asipewe vidonge vya binadamu. Dawa za jamii ya penisilini, ikiwamo amoksilini, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, naye huweza kufa kwa dawa kabla ya ugonjwa. Mgonjwa atengwe, apewe mboga mbichi na maji, kisha afisa mifugo wa kata aarifiwe mapema. Kila aliyemshika mnyama anawe mikono kwa sabuni, watoto wakiwa wa kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini simbilisi anayeshiba pumba huweza kufa kiangazi, ilhali kuku wa nyumba hiyohiyo ni mzima?
2. Simbilisi watano wenye gramu 600 kila mmoja wanahitaji majani mabichi kiasi gani kwa siku?
3. Je, kaya yako imetenga wapi kijani cha miezi ya Agosti, Septemba na Oktoba?

Jibu la swali la pili ni kilo 1. Jibu la swali la tatu litafutwe shambani, kabla majani hayajakauka.