Paulo Alishona Hema, Lakini Hakusahau Kilichompeleka

Maandiko: Matendo 18:1-5; 2 Wakorintho 11:9; Luka 14:28

Tunafanya harambee, tunaombea vijana wetu wanaoenda kusoma ng'ambo. Lakini ndege ikishapaa, wengi wetu tunaanza kuwahesabu kama watu wa mshahara.

1. Kazi si dhambi. Huko Korintho, Paulo alishona hema pamoja na Akila na Prisila. Hata hivyo, kila Sabato alikuwa kwenye sinagogi. Hema zilimlisha, lakini hazikuwa ndizo zilizompeleka Korintho.

2. Kazi ina kipimo. Uingereza, mwanafunzi wa digrii kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Wiki ni Jumatatu hadi Jumapili, na kazi zote zinajumlishwa. Saa 12 dukani na 9 katika nyumba ya wazee ni 21: tayari amevuka. Wiki ijayo akifanya chache, haisaidii. Kanada, kazi ya nje ya chuo ni saa 24 kwa wiki. Anayevuka anaweza kupoteza visa, na karo yote ikaenda na maji. Kwa hivyo tusimwambie, "Wewe fanya tu, nani atajua?"

3. Sisi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Sila na Timotheo walipofika kutoka Makedonia, Paulo alijitoa kabisa kwa lile Neno. Ndugu wa Makedonia walikuwa wamemtimizia mahitaji yake. Walimpunguzia mzigo. Je, sisi? Mtoto ametoka shifti ya usiku, ana darasa saa tatu asubuhi, halafu simu inalia: "Binamu yako ametumwa nyumbani kwa sababu ya karo." Anaona haya kukataa. Anaongeza shifti, anaanguka mtihani. Hapo tutamlaumu nani?

4. Hesabu kabla ya kujenga. Mzazi, kama karo ya mwaka wa pili inategemea kibarua atakachopata huko, mnara huo haujahesabiwa. Kungoja mwaka mmoja mjipange si kukosa imani.

La kufanya wiki hii: Mpigie simu kijana wako aliye ng'ambo. Muulize kama analala, kama anakula, masomo yanaendaje. Omba naye. Halafu ukate simu bila kuitisha chochote.

Amina.