Kuuza Leseni ya Windows Uliyoipakua, Ukiwa Ujerumani

Andaa risiti, masharti ya leseni na kompyuta yenye programu. Fuata mpangilio huu; hasa, hatua ya 5 isitanguliwe na ya 6.

1. Tenga michezo. Iliyofungwa kwenye akaunti ya Steam haiuziki hapa: mwaka 2010 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani ilikubali sharti linalozuia akaunti kuhamishwa, na mwaka 2024 mahakama kuu ya Ufaransa nayo ikakataa michezo ya kupakuliwa iuzwe tena. Ya diski isiyofungwa kwenye akaunti uza upendavyo.

2. Kagua risiti. Lazima ioneshe mambo matatu: bei ililipwa, matumizi hayana kikomo cha muda, nakala iliuzwa kwanza ndani ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Microsoft 365 ya kulipia kila mwezi inaanguka kwenye la pili. Nakala iliyouzwa kwanza Nairobi, kwenye la tatu. Likikosekana moja, acha.

3. Hesabu watumiaji. Leseni moja ya watumiaji 25 huuzwa yote. Kubaki na 15 na kuuza 10 kulikataliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya Julai 3, 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, hukumu ileile inayokuruhusu kuuza.

4. Andika hati ya makabidhiano, nakala 2: majina ya pande zote, toleo la programu, tarehe ya ununuzi, na herufi 5 za mwisho za ufunguo (msimbo wa herufi na tarakimu 25 unaoamilisha programu). Msitie saini bado.

5. Ondoa ufunguo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika slmgr /upk, bonyeza Enter, kisha slmgr /cpky. Hakiki kwa slmgr /dli: ufunguo wako usionekane tena. Piga picha ya skrini. Wauzaji wengi hulipuuza hili, ilhali ndilo sharti lenyewe: anayeuza hana ruhusa ya kuendelea kutumia.

6. Kabidhi ufunguo, risiti na picha ya skrini. Usichome programu kwenye diski. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataza kuuza nakala ya akiba bila idhini ya mwenye haki. Mnunuzi aipakue mwenyewe kwa Microsoft.

7. Shuhudia uamilishaji. Mnunuzi aingize ufunguo, kisha aandike slmgr /dli kwenye kompyuta yake. Ikionesha herufi 5 zilezile za kwenye hati, pokea fedha, kisha nyote mtie saini.