Nani anatumia waifai yangu?

*Mtaalamu, nimefunga intaneti nyumbani, Tabata. Jioni inasuasua, na kwenye orodha ya waliounganishwa naona simu nisizozijua. Watoto wanakana kumpa mtu nywila. Nifanyeje? – Mama wa Wawili*

Pole, mama. Usiwabane watoto bado. Simu za siku hizi hugawa nywila kwa msimbo wa QR; mgeni akiuskani mara moja, anaweza kumpa mwenzake. Tena hesabu kwanza televisheni na tableti zenu, maana nazo hujitokeza kwa majina ya ajabu.

Dawa ni kubadili nywila. Kibandiko cha ruta kina anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari, ingia, weka nywila ya herufi 12 au zaidi, chagua usalama wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha bila kuandika nywila. Wote watatolewa; unganisha upya vifaa vyenu tu. Badilisha pia nywila ya kuingilia mipangilio, hiyo ambayo wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani. Kuficha jina la mtandao ni usumbufu mtupu. Wageni wawashie mtandao wa wageni, kama ruta inao.

Simu ngeni zikirudi, au ruta ikikosa WPA2, ipigie simu kampuni inayokuuzia intaneti.