Kwa nini matumbawe yetu hayarudi?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Kilifi. Wazee husema matumbawe yalipauka mwaka 1998 na mengine yakafa. Joto lilikwisha. Mbona sehemu nyingine yameota tena na kwetu bado?

JIBU: Ndugu yangu, joto lilianzisha tu. Ndani ya tumbawe huishi mimea midogo mno inayolilisha. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi hata kwa digrii moja, kwa wiki kadhaa, tumbawe huifukuza, likawa jeupe na kukaa na njaa. Lisipopata nafuu mapema, hufa.

Kinachofuata huamuliwa na majirani zake. Samaki kama pono na tafi hula mwani, mwamba ukabaki safi kwa vichanga vya matumbawe kushika. Samaki mwingine, kikande, hula shefuli, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Kikande akivuliwa sana, shefuli hufurika, hukwangua mwamba usiku kucha na kuumomonyoa kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga. Hili limeonekana wazi katika miamba ya Kenya iliyovuliwa kupita kiasi. Ndiyo maana joto lile lile huacha matokeo tofauti.

Kuondoa shefuli kwa mikono husaidia kidogo, ila kazi hiyo ni ya kikande, na idadi yake hurudi polepole mno, hata panapofungwa uvuvi. Basi kikande akiingia kwenye mtego wa dema akiwa hai, mrudisheni baharini. Na BMU yenu (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ikipanga eneo la kufunga, ombeni lifungwe kwa miaka mingi, si msimu mmoja.